Maoni Yetu Kuhusu Rebeka

Jumatano, 4 Septemba 2013
Shajara hii ni ya mwaka jana. Achai, binti mteja wangu, ameitoa ofisini kwao, ng'ambo ya barabara, akaniambia, "Mzee Waiswa, shika. Andika nguo za watu humo uache kuzipoteza." Juu ya ukurasa pameandikwa Jumanne lakini leo ni Jumatano, basi nimekata kwa kalamu. Nguo sitaandika. Mpiga pasi wa Thongpiny hapa Juba, Msoga wa Iganga, Uganda, umri miaka hamsini na mbili, kitambi cha haja, ameamua kuandika mambo yake. Sanyu mke wangu akisikia huko nyumbani atacheka hadi ashike ukuta.

Mvua tangu asubuhi. Nguo hazikauki, nazikausha kwa pasi, makaa yanaliwa kama njugu.

Jioni tumesikiliza Hilla Jedid, yaani Kijiji Kipya. Ni mchezo wa redio wa Kiarabu cha Juba, una miaka minane sasa, kila Jumatano na Jumamosi saa kumi na moja. Mimi nina redio, nina benchi, nina moto; nani atakosa kuja? Nisipoelewa, Achai hunitafsiria kwa Kiswahili chake cha Kitale alikolelewa. Mchezo ukiisha, mtangazaji Bona husoma maoni matatu ya wasikilizaji. Mji mzima hupigania hayo matatu.

Msimu huu ugomvi ni mmoja. Zakaria, mzee mwenye roho ya kutu, amezungushia ua pampu ya maji ya kijiji. Mkwewe Rebeka amekasirika, amebeba mtoto na kwenda zake kwa shangazi yake. Mume anamwita. Arudi, asirudi?

Jumamosi, 7 Septemba
Maoni yetu yamesomwa! "Rebeka, rudi nyumbani. Pampu itafunguliwa. Puok wa Thongpiny." Nimeandika mimi, kwa simu yangu, maana vidole vya Puok ni vinene na simu yake ina vitufe vitatu tu vinavyofanya kazi.

Puok ni askari wa geti hapo kwa kina Achai. Mnuer, mrefu, ukimnyooshea suruali meza inakwisha kabla ya mguu. Anataka nini na Rebeka? Hataki kitu. Mkewe Nyadak yuko Malakal na mtoto wao, na tangu bendera ya uhuru ipandishwe amekataa kuhamia Juba; anasema Juba ni vumbi na bunduki. Simu za mumewe anakata. Lakini Hilla Jedid hakosi hata ugonjwa umshike. Basi Puok anamwita kupitia kwa Rebeka, na Nyadak anajua, na mji mzima unadhani ni ushabiki.

"Simu yeye nakata," Puok ameniambia. "Redio atakataje?"

Jumatano, 11 Septemba
Nimeunguza shati la mzungu. Nilikuwa namsikiliza Zakaria akikohoa.

Jumamosi, 14 Septemba
Sajini Kuach wa Bilpam, makao makuu ya jeshi, ameleta sare mbili na maoni yake. Huyu ni Mdinka, Kiswahili alijifunzia Lokichoggio hospitalini, mguu ukiwa umefungwa plasta. Anataka mkunjo wa suruali unaoweza kukata nyama. Nembo ya bendera begani naipiga pasi juu ya kitambaa, isiungue, na yeye husimama karibu kunichunga kana kwamba nitaimeza.

Maoni yake: "Rebeka asirudi. Watu wa Zakaria ni wezi. Sajini Kuach, Bilpam." Yamesomwa mara tu baada ya ya Puok. Puok amesimama, amekaa, amesimama tena.

"Wewe nataka nini na bibi ya mtu?"

"Ni bibi yako? Ni mtu wa redio."

Nimecheka peke yangu.

Jumatano, 25 Septemba
Sasa wamefika kwenye kabila. Watunzi wa mchezo wamejitahidi sana. Majina yote ya Biblia, hakuna wimbo wa kwao, hakuna rangi ya ng'ombe, hata chakula ni "chakula" tu. Lakini watu wa Juba wana masikio.

"Sikia anavyokohoa," amesema Kuach. "Huyo ni mtu wenu, Puok. Na mahari alitaja ng'ombe wangapi? Piga hesabu."

"Sisi?" Puok amejibu. "Mtu nafunga maji ya watu, halafu naita mkutano kuuliza nani alifunga? Hiyo ni nyinyi. Tangu Julai, rais yenu nafukuza makamu wetu, hata serikalini tunaona hiyo."

Achai: "Jamani, ni actor! Pengine ni mtu wa Yei na anavuta sigara."

Nami, mpumbavu wa kuzaliwa, nimechukua kipande cha chaki nikachora mistari miwili kwenye bati la duka: Zakaria wa huku, Zakaria wa kule. Kila apitaye apige alama. Nilidhani ni mchezo. Wateja wameongezeka.

Alhamisi, 26 Septemba
Alama kumi na tisa kwa kumi na saba.

Ijumaa, 27 Septemba
Mtu nisiyemjua amefuta upande mmoja kwa mate.

Jumamosi, 5 Oktoba
Mvua ya mawe. Bati linapiga kelele, redio haisikiki, watu wamegombana hata kuhusu walichokosa kusikia.

Jumatano, 16 Oktoba
Nimefuta chaki, lakini kidonda kimebaki. Zamani walikaa benchi moja. Sasa Kuach anakaa kulia, Puok amejiletea ndoo, anaigeuza na kuikalia kushoto. Katikati niko mimi na pasi ya moto, kama mpaka wa kimataifa.

Kuach amenigeukia pia. "Na wewe Mganda, unafurahi tukigombana. Unauza."

Si uongo mtupu, na ndiyo maana imeniuma.

Jumamosi, 2 Novemba
Maoni ya Puok: "Rebeka, mtoto anahitaji baba. Njoo kabla ya Krismasi."
Maoni ya Kuach: "Rebeka, ukienda utajuta."
Bona amecheka hewani: "Hawa wawili wa Thongpiny na Bilpam wataoana wenyewe!" Mji mzima umecheka. Kwenye benchi langu hakuna aliyecheka. Puok ametema mate, Kuach ametazama yalipoangukia.

Jumamosi, 16 Novemba
Leo Rebeka amefunga mizigo, kwenye mchezo. Na Nyadak amepiga simu, mwenyewe, kwa namba yangu! Sauti kali kama ya mwalimu wa hesabu. "Wewe ndiye Waiswa anayemwandikia? Mwambie aache kuniaibisha redioni. Nitakuja kwa mto, na tishari la Desemba. Nikikuta nyumba inavuja ninageuka."

Puok amenibeba. Ninavyoandika sasa kiuno kinauma. Ameomba vumbi la makaa yangu apakae sijui wapi kuzuia mchwa, ameomba na bati mbovu.

Kuach ameleta sare, amekuta furaha, ameuliza kuna nini. Achai amemwambia. Amesema, "Ampe mwezi. Mji huu si wa kuleta mtoto sasa." Puok amedhani ni tusi. Mimi pia nilidhani hivyo.

Jumatano, 27 Novemba
Mvua zimekwisha. Vumbi. Nguo zinakauka kabla sijamaliza kuzianika, na zinachafuka kabla hazijakauka.

Jumanne, 10 Desemba
Tishari limeondoka Malakal. Nyadak na mtoto wamo, na redio yake ya betri. Litapanda mto polepole, litatia nanga Adok siku kadhaa kupakia mizigo, kisha Bor, kisha hapa kwenye bandari ya Juba. Adok ni kwa shangazi yake Nyadak. Puok anasema Krismasi watakula pamoja. Huko katikati ya mto simu hazishiki, basi anakaa tu akihesabu.

Jumamosi, 14 Desemba
Wakubwa wa chama tawala wanakutana, magari ya askari ni mengi. Kuach ameacha sare mbili, hakukaa kusikiliza. Amesema, "Mganda, kesho usifungue." Kesho ni Jumapili, kwa nini nifungue? Nimemtania kwamba amekuwa padri. Ameondoka bila kucheka.

Jumatatu, 16 Desemba
Milio ya bunduki tangu jana jioni. Niko chini ya meza ya pasi. Leo hakuna kazi. Hakuna aliyekuja.

Jumatano, 18 Desemba
Nimeandika uongo hapo juu. Kitabu hiki hakisomwi na mtu, sijui nilikuwa namdanganya nani.

Jumatatu alfajiri, kulipokucha tu, mlango uligongwa. Nilimjua Puok kwa mgongo wa vidole vile vinene. "Waiswa. Waiswa, ni mimi. Fungua." Aliita polepole, kama mtu anayeomba chumvi. Nyuma, upande wa barabara ya uwanja wa ndege, watu wenye bunduki walikuwa wakienda nyumba kwa nyumba wakitafuta Wanuer, na mwanamke alikuwa akilia kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka. Nilikuwa nimelala kifudifudi chini ya meza, shati la mteja mdomoni nisisikike. Nikafikiria: nikifungua wataingia nyuma yake. Nikafikiria: mimi ni mgeni hapa. Nikafikiria watoto wangu wanne kwa majina. Mtu akitaka sababu huwa hazikosi.

Akaita mara ya tatu. Kisha nikasikia ndoo yake ikipinduka, na miguu ikikimbia.

Mimi ndiye niliyechora mistari kwenye bati, nikawaita watu wapige alama ni nani wa huku, nani wa kule. Wanaotembea nyumba kwa nyumba hawakuhitaji chaki yangu, hilo najua. Lakini mkono wangu ulikuwa mwepesi.

Leo milio imepungua. Achai amepita na mkoba mmoja kwenda uwanja wa ndege, ofisi yao inawapeleka Nairobi. Macho yamevimba. "Mzee, Puok yuko hai. Ameingia kambi ya UN hapo, wako maelfu." Kisha akasema, "Mzee, mimi ni Mdinka. Leo nimepitishwa vizuizi vitatu kwa salamu tu. Unajua hiyo inafanya mtu ajisikie aje?" Nimemfungia sketi zake mbili, nilikuwa nimeshazipiga pasi.

Alhamisi, 19 Desemba
Nimekwenda kwenye uzio wa kambi. Watu wamebanana kama nguo kwenye gunia. Nimemwita Puok mpaka akaja. Shati lake lile la ulinzi halina mkono mmoja.

"Ulikuwa ndani," amesema.

"Nilikuwa ndani."

"Nilisikia wewe napumua."

Alinitazama muda mrefu, kisha akaniacha na hilo, akaenda kwenye jambo lake. Jana Bor imeanguka mikononi mwa waasi, na huku Juba watu wa kabila lake wanatafutwa. Nyadak yumo kwenye tishari anakuja moja kwa moja mdomoni mwa yote mawili. Simu ya Puok imechukuliwa. Namba ya Nyadak nimeipiga mara thelathini, haipatikani.

"Tishari likitoka Adok amekwisha," amesema. "Yeye na mtoto. Mimi ndiye niliita. Kila Jumatano, kila Jumamosi, niliita."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Bona ametangaza asubuhi: vipindi vya kawaida vinarudi hewani Jumamosi, na Hilla Jedid itakuwepo. Meseji haziendi, lakini maoni yatapokelewa kwa karatasi, mlangoni.

Tumeyatunga pale pale, yeye ndani ya waya, mimi nje. Hakutaka niandike Adok wala tishari. Wengine nao wana masikio. "Rebeka, usirudi. Nilikosea kukuita. Kaa kwa shangazi. Puok wa Thongpiny."

"Andika jina langu," alisema. "Bila jina hataamini. Atadhani ni Kuach."

Ijumaa, 20 Desemba
Nimejaribu kufika kituoni mara mbili. Kuna vizuizi vinne. Mara ya kwanza nimerudishwa kwa kofi, mara ya pili kwa kitako cha bunduki. Mganda mwenye karatasi iliyoandikwa jina la Mnuer! Niliitia kwenye soksi. Akili za mtu mzima hizo.

Mchana Kuach amekuja kuchukua sare zake. Macho mekundu, hajanyoa. Nilikuwa nimezipiga pasi mara tatu kwa kukosa la kufanya. Alizitazama akasema, "Unapiga pasi wakati huu?"

"Sajini, nina maoni ya kupeleka kituoni."

"Ya nani?"

Ningeweza kusema ni yangu. Nimechoka kusema uongo mwezi huu. Nimemvulia kiatu nikampa karatasi. Akaisoma akisogeza midomo.

"Unajua nikikutwa na jina hili mfukoni wananifanya nini? Watu wangu mwenyewe?"

"Najua."

"Hujui. Mama yangu yuko Bor. Umesikia Bor? Watu wa Puok ndio walioingia. Nani amempelekea mama yangu maoni?" Alikuwa akipiga kelele sasa. "Nani alimwandikia ashuke, akae kwa shangazi? Wewe? Puok? Miezi minne ananitemea mate hapa!"

Alikamata redio yangu nikadhani anaivunja. Akaiweka. Akakunja karatasi mara nne akaitia ndani ya kofia yake.

"Tangu Septemba nasema huyo mwanamke asije," alisema. "Mkanicheka."

Ameondoka bila sare.

Jumamosi, 21 Desemba
Wanajeshi wa kwetu Uganda wameonekana uwanja wa ndege, wamekuja kuisaidia serikali. Jirani amenipigia makofi kama nimewaleta mimi. Nimefunga mlango.

Saa kumi na moja, Hilla Jedid. Wamerudia kipindi cha zamani, cha kabla ya ua na pampu, Zakaria akiwa bado anacheka. Nilisikiliza peke yangu, Kiarabu changu nusu nusu, bila Achai. Kisha Bona, sauti imekauka:

"Tuna karatasi mbili tu leo. Ya kwanza. 'Rebeka, usirudi. Nilikosea kukuita. Kaa kwa shangazi. Puok wa Thongpiny.'"

Nikashika pasi. Haikuwa na moto, nashukuru.

"Ya pili. 'Kwa mara ya kwanza nakubaliana na Puok. Sajini Kuach, Bilpam.'"

Bona akaweka wimbo wa kanisani.

Jumatatu, 23 Desemba
Kuach amekuja kuchukua sare. Nimefungua mdomo, ameinua kidole.

"Usinishukuru. Na usidhani tumekuwa marafiki, mimi na yeye. Nikimwona barabarani sijui nitafanya nini. Nakwambia ukweli, sijui."

"Sawa, sajini."

"Mkunjo umelegea hapa."

Nimeurudia. Amesimama akinichunga juu ya nembo, kama kawaida. Kesho anapelekwa barabara ya Bor.

Jumatano, 25 Desemba
Krismasi. Nimekula mihogo. Simu kimya.

Ijumaa, 27 Desemba
Simu kimya. Kambini nimekwenda, sikumwita. Nimwambie nini?

Jumapili, 29 Desemba
Namba ndefu ya ajabu, ya simu za setilaiti. Sauti ya mwalimu wa hesabu, mbali kama kisimani.

"Waiswa? Nina dakika moja, simu ni ya mfanyabiashara. Niko Adok. Tulitaka kuondoka alfajiri ya Jumapili, nikasikia maoni, nikashuka na mizigo. Watu wa tishari walinitukana. Mtoto hajambo. Puok?"

"Yuko hai. Yuko kambini kwa UN."

"Mwambie miaka miwili ananiita. Siku nimekuja ananiambia nisije! Mwambie nimemkasirikia sana." Akaanza kulia, simu ikakatika.

Nimekimbia. Mtu wa kitambi changu, juani, hadi kwenye uzio. Safari hii watu wamenijua kwa lafudhi, wamenizomea kwa ajili ya wale wanajeshi uwanja wa ndege, jiwe moja limenipata begani. Nimeita hadi Puok akaja.

Nimemwambia neno kwa neno. Ameshika waya kwa mikono miwili, amechuchumaa taratibu, kichwa chini. Mabega yalitikisika. Mimi nilitazama pembeni, kwenye kamba za nguo walizofunga humo, zimeanikwa ovyo.

Akainuka. Hakunipa mkono, ingawa waya ungeupitisha. Mlango wangu bado uko kati yetu, na sidhani utaondoka.

"Nani alipeleka karatasi?"

"Kuach."

"Kuach gani?"

"Kuach wetu. Akaongeza na yake. Bona amesoma zote mbili."

"Alisema nini?"

"'Kwa mara ya kwanza nakubaliana na Puok.'"

Amefikiria jambo hilo kwa muda, akiwa amekunja uso, kama mtu anayetafuta doa kwenye shati jeupe.

"Alisema hivyo? Mbele ya watu wote?"

"Mbele ya nchi nzima."

"Basi mimi iko nakosea mahali," amesema, akanigeuzia mgongo, akarudi ndani kwa watu wake.